Mzazi wa Pwani Afundishwe Kuitetea Shule ya Mwanawe

Tangu wenyeji wa Palma na Mocímboa da Praia walipoanza kurejea makwao, baada ya majeshi ya Msumbiji na Rwanda kuukomboa mji wa Mocímboa mwezi wa Agosti 2021, mazungumzo juu ya elimu katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado yamekuwa, kwa sehemu kubwa, mazungumzo ya saruji na mabati: madarasa mangapi yaliteketezwa, mangapi yamesimamishwa tena, madawati yametoka wapi na kwa hisani ya nani. Mazungumzo hayo ni ya haki, kwa kuwa mtoto hawezi kusoma juani wala mvuani, na kila aliyetoa bati moja kwa ajili ya watoto wetu anastahili shukrani. Lakini iko kazi nyingine, isiyokuwa na sherehe ya uzinduzi wala jiwe la msingi, nayo ni kumfundisha mzazi namna ya kuisimamia shule ya mwanawe, kuijua haki aliyopewa na sheria, na kuisema haki hiyo mbele ya wenye mamlaka kwa hoja, kwa dalili na kwa adabu. Dai langu ni kwamba kazi hiyo isingojee madarasa yamalizike. Ianze sasa, ipewe fungu lake la fedha na watu wake, kwa sababu bila ya hiyo tutarudishiwa shule zile zile tulizokuwa nazo kabla ya vita, na shule zile, kwa wengi wa watoto wetu, hazikuwa zikifundisha.

Neno hili ni zito, na msomaji ana haki ya kulitakia ushahidi. Mwaka 2013 taasisi ya serikali ya ukuzaji wa elimu, INDE, iliwapima wanafunzi wa darasa la tatu nchini Msumbiji, ikaona kuwa waliokuwa wakisoma kwa kiwango kinachotakiwa walikuwa asilimia 6.3 tu; ilipopima tena 2016, hesabu hiyo ilikuwa imeshuka hata asilimia 4.9. Benki ya Dunia nayo, katika uchunguzi wa 2014 uliofanywa kwa kuzuru shule bila ya taarifa, iliona kuwa walimu wapatao 45 katika kila 100 hawakuwapo shuleni siku ya ziara. Hesabu hizi ni za nchi nzima, na miaka imepita tangu zichukuliwe, lakini naziweka mbele kwa makusudi, maana zote zilipatikana kabla ya tarehe 5 Oktoba 2017, siku vita vilipoanza Mocímboa da Praia. Hivyo hatuwezi kuvitwika vita lawama yote. Vita vilimkuta mtoto ameketi sakafuni, ameshika kitabu asichoweza kukisoma, na mzazi wake hana habari.

Kutokuwa na habari huko ndiko asili ya maradhi, nako hakutokani na uzembe. Ingia katika nyumba yoyote ya Waislamu wa pwani yetu, iwe ya Pangane, ya Ibo, au ya Paquitequete mjini Pemba, ukamwulize mama habari za mwanawe aliye katika chuo cha Kurani: atakueleza barabara kuwa mtoto ameshazijua herufi, au anaendeleza irabu, au yumo katika juzuu ya Amma, au ameshaingia Yasini, au karibu anakhitimu. Anajua kwa sababu mtoto humsomea jioni, kwa sababu mwalimu wa chuo ni jirani anayekutana naye njiani, na kwa sababu siku ya khitma ikifika ni yeye atakayetia sufuria jikoni. Mtoto akikaa miezi mitatu katika sura moja, mama huyo huenda akauliza, na mwalimu humjibu kwa staha. Sasa mwulize mama yuyo huyo mwanawe amefika wapi katika shule ya serikali, naye atakutajia darasa: yuko la tatu, yuko la nne. Darasa analijua, lakini elimu inayotakiwa kuwamo ndani ya darasa hilo haijui, wala hakuna aliyepata kumketisha akamweleza ni mambo gani mtoto wa darasa la tatu anapaswa kuyaweza, ili naye apime na aulize. Uwezo wa kusimamia elimu anao, na chuoni anauonyesha kila siku. Shuleni hakupewa nafasi ya kuutumia.

Nafasi hiyo aliinyimwa zamani, na kwa mikono ya watu wengi. Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati ya kuitawala nchi hii 1891 na kuishika hata 1929, ilijishughulisha na kodi na kazi za shuruti, na elimu ya wenyeji haikuwa katika hesabu zake. Serikali ya Ureno ilipofanya mkataba na Vatikani 1940, na kuufuatishia sheria ya misioni ya 1941, ilikabidhi mafunzo ya watoto wa Kiafrika kwa misioni za Kikatoliki. Na Mwislamu wa pwani, aliyehofu kuwa kumtia mwanawe shuleni ni kumtoa katika dini yake, akachagua kubaki na chuo chake na herufi zake za Kiarabu, ambazo kwazo mashehe na wakubwa wa nchi walikuwa wakiandikiana barua za Kiswahili, na kuwaandikia hata Wareno wenyewe, tangu karne ya kumi na tisa. Uhuru wa tarehe 25 Juni 1975 ulifungua shule kwa watoto wote, na huo ni wema usiosahaulika katika nchi ambayo watu 93 katika kila 100 walikadiriwa kuwa hawajui kusoma. Lakini serikali ya miaka ile ya mwanzo ilikuwa na ukali juu ya mambo ya dini, na lugha ya darasani ilikuwa Kireno peke yake. Kwa hiyo katika zama zote hizo mzazi wa pwani aliitwa amlete mtoto, na hakuitwa aulize mtoto amefundishwa nini.

Matokeo ya utengano huo tumeyaona kwa macho yetu. Watafiti wa taasisi ya IESE ya Maputo, Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, katika utafiti wao juu ya Mocímboa da Praia uliochapishwa 2019, walieleza kuwa kundi lililokuja kushika silaha lilianza kwa kuwakataza wafuasi wake shule ya serikali na kuwataka wawatoe watoto wao humo. Mashehe wetu walilipinga, na wapo waliokwenda kuonya serikalini mapema. Lakini vijana walilisikiliza, na wazazi kadhaa walilitii. Sisemi kwamba vita hivi vilizaliwa na ubovu wa shule, kwa kuwa sababu zake ni nyingi, zimo dhuluma na ufukara, zimo tamaa za watu wa mbali na wa karibu. Nasema tu kwamba ni rahisi kumwambia mtu aiache shule asiyoiona kuwa ni yake, na ni vigumu mno kumwambia hivyo mzazi aliyemsikia mwanawe akisoma, aliyeshiriki kukata shauri la fedha za shule, na aliyekwisha kushinda hoja moja kwa manufaa ya darasa zima.

Sheria, kwa upande wake, imeshamfikiria mzazi. Sheria namba 18/2018 ya tarehe 28 Desemba 2018 imeifanya elimu ya msingi, tangu darasa la kwanza hata la tisa, kuwa ya lazima na ya bure. Kila shule inatakiwa iwe na Baraza la Shule, lile ambalo watu wetu huliita kwa jina lake la Kireno, Conselho de Escola, nalo lina wajumbe wa walimu, wa wafanyakazi, wa wanafunzi, wa wazazi na wa jamii, na limepewa kazi ya kuupitisha mpango wa shule na kuangalia matumizi yake. Tangu 2003 serikali hupeleka fedha moja kwa moja shuleni kwa ajili ya vifaa vya masomo, na Baraza hilo ndilo linalotakiwa kushauriana juu ya fedha hizo. Kwa karatasi, basi, mzazi wa Quissanga ana sauti ambayo wazazi wengi duniani wangeitamani.

Lakini tazama kikao cha wazazi kinavyoweza kwenda katika shule ya kijijini. Kimeitishwa saa tatu za asubuhi, siku za bamvua, maji yametoka na wanawake wako mwambani wakitafuta pweza na chaza. Waliofika wameketi mchangani chini ya mwembe, wanaume mbele, kina mama nyuma na kapulana zao. Mkuu wa shule anasimama na kusoma taarifa kwa Kireno, kurasa mbili nzima, na kijana mmoja anaifasiri kwa Kimwani kwa maneno kumi. Kisha linakuja lile ambalo wazazi walikwisha kulijua kabla ya kutoka nyumbani: darasa la makuti limeanguka, kila mzazi alete miti mitano kabla ya Ijumaa. Daftari la mahudhurio linazungushwa, asiyejua kuandika anatia kidole, na kidole hicho ndicho kitakachokwenda wilayani kuwa ni dalili ya kwamba wazazi wameshauriwa na wameridhia. Hapo pana Baraza lililotimia kwa sheria, na hakuna hata mjumbe mmoja aliyeuliza swali.

Ndiyo maana nasema mzazi afundishwe, na mafunzo ninayoyataka yana sehemu tatu, zote nyepesi kueleweka.

Ya kwanza ni kumsikiliza mtoto akisoma. Watu hudhani kuwa mzazi asiyejua Kireno hawezi kupima kisomo cha mwanawe, na dhana hiyo si sahihi. Mpe mtoto wa darasa la tatu kitabu chake, mwambie asome mistari minne kwa sauti, kisha mwambie afunge kitabu na akueleze kwa Kimwani, au kwa Kimakonde, au kwa Kiswahili, aliyoyasoma. Mama aliyemsikiliza mwanawe Kurani kwa miaka mingi hulitambua mara moja jicho linalofuata herufi na ulimi unaokariri kwa moyo. Na mtoto asiyeweza kusimulia neno hata moja katika aliyoyasoma, huyo hajayafahamu, na hapahitajiwi mkaguzi kutoka Pemba kuja kuthibitisha. Hapa pia ndipo mahali pa kumjulisha mzazi kwamba mageuzi ya mtaala ya 2003 yalifungua njia ya kuwafundisha watoto kwa lugha zao pamoja na Kireno, na kwamba Kimwani, Kimakonde na Kimakhuwa vimo katika lugha zilizokubaliwa, ili aweze kuuliza kwa nini shule yake haina mafunzo hayo, au kama inayo, vitabu vyake viko wapi.

Ya pili ni kuijua sheria na hesabu. Mzazi ajue kuwa kitabu cha shule ya msingi hutolewa bure, na kwamba maneno yaliyopigwa chapa juu yake kwa Kireno, yanayokataza kukiuza, yana maana hata sokoni kwao. Ajue kuuliza ni metikali ngapi zimeingia shuleni mwaka huu, zimenunua nini, na hivyo vilivyonunuliwa viko wapi, akavione kwa macho na kuvigusa kwa mkono. Ajue kuwa karatasi za kuzaliwa zilizoungua Macomia au Quissanga zisiwe sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani, na aelekezwe ofisi ya kuziomba upya. Ajue kuwa sheria namba 19/2019 imekataza kuwaoza walio chini ya miaka 18, ili binti akipotea darasani baada ya unyago wake, mjumbe wa Baraza awe na haki ya kwenda kuuliza nyumbani kwao, hata kama nyumba hiyo ni ya jamaa yake.

Ya tatu ni kusema. Malalamiko tunayo tele, vibarazani na majahazini, lakini malalamiko hayasogezi jambo mpaka yavae vazi la hoja. Wazazi wafundishwe kuandika kumbukumbu: siku gani mwalimu hakuja, kwa alama ya mkaa nyuma ya mlango ikiwa hapana daftari, darasa lina watoto wangapi na vitabu vingapi, kisima kimekauka tangu lini. Wafundishwe kuandika barua fupi yenye ombi moja na tarehe, kuipeleka kwanza kwa mkuu wa shule, kisha wilayani, kisha mkoani, na kubaki na nakala yake. Wafundishwe kwenda wanne au watano pamoja, mama mmoja awemo na apewe nafasi ya kusema, kwa kuwa mtu mmoja huambiwa kuwa ana chuki zake, na watu watano wenye alama za miezi mitatu huombwa kuketi na kusikilizwa.

Mambo haya yamekwisha kufanyika kwingine. Ng'ambo ya mto Ruvuma, na katika Kenya na Uganda, mpango wa Uwezo ulioanzishwa 2009 uliwatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili, na mzazi aliambiwa jibu palepale ukumbini mwake. Habari zilizokusanywa hivyo zilitikisa hata mabunge. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, ambako mahakama kuu ya jimbo ilihukumu 1989 kuwa mfumo mzima wa shule za umma ulikuwa umevunja katiba, jumuiya ya raia iitwayo Prichard Committee ilianzisha 1997 chuo cha kuwafundisha wazazi kuzisoma takwimu za shule zao, na kila aliyehitimu alitakiwa kubuni kazi moja ya kuinua masomo katika shule ya mtoto wake. Na hapa kwetu Msumbiji, amri ya 2003 iliyowahamishia wasichana wenye mimba katika masomo ya usiku ilifutwa Desemba 2018 baada ya raia, wanawake wakiwa mbele, kuipinga kwa miaka. Na kitabu cha Sayansi za Jamii cha darasa la sita kiliondolewa shuleni 2022 baada ya watu kuyafichua makosa yake, mengine yakihusu mipaka ya nchi yenyewe. Serikali hii husikia anaposema mtu mwenye dalili mkononi.

Zipo hoja za kupinga, na ni lazima zijibiwe kwa insafu. Ya kwanza ni hofu. Katika nchi yenye vita, mtu anayeuliza sana hutiliwa shaka, na watu wetu wamejifunza kwa uchungu kuwa ukimya ni salama. Ndiyo sababu mafunzo haya yafanywe hadharani, kwa idhini na mbele ya mkuu wa wilaya, wa shule na wa msikiti, na yatangazwe kwenye redio za jamii, ili kuuliza habari za shule kuwe ni jambo la kila mtu na la mchana kweupe. Ya pili ni ufukara: aliyepoteza mashua, nyavu na minazi yake, aliyekimbia mara mbili au tatu, atapata wapi wakati wa Baraza? Namjibu kuwa wakati wake ni mchache na wa thamani, kwa hiyo usipotezwe. Vikao vipangwe kwa maji, visiangukie bamvua wala siku za kuvuna mpunga, visizidi saa mbili, na viendeshwe kwa lugha ya waliohudhuria, Kireno kikifasiriwa neno kwa neno. Mtu tunayesema naye hakuichoka elimu. Tumemwona mtu huyo, usiku ule wa Oktoba 2020 wakimbizi walipokuwa wakishuka mashuani pwani ya Paquitequete, akiwa hana nguo ya kubadili na ameshika mkononi daftari la mtoto.

Hoja ya tatu ni ya walimu, nayo ndiyo inayonigusa zaidi. Mwalimu aliyepelekwa kijiji kilichochomwa, anayefundisha watoto kupita kiasi katika chumba kimoja, ambaye mshahara humchelewa na nyumba hana, ataona mzazi aliyefundishwa kuwa ni polisi mwingine aliyeongezwa juu yake. Hofu hii itaondoka tu ikiwa mafunzo yataweka wazi tangu siku ya kwanza kuwa kumtetea mwalimu ni sehemu ya kuitetea shule. Wazazi wanaohesabu siku ambazo mwalimu hakuja wahesabu pia siku ambazo mshahara wake haukuja, na barua inayokwenda wilayani kudai vitabu idai na nyumba yake. Mwalimu wa chuo ana heshima pwani kwa sababu wazazi wanajua anachokifanya na wanamtunza. Mwalimu wa shule anastahili vivyo hivyo, na nina yakini kuwa wengi wao wangefurahi kupata wazazi wa kushirikiana nao.

Nani ayafanye mafunzo haya? Ofisi ya elimu ya kila wilaya inao walimu wenye uzoefu. Misikiti ina mabaraza na vipaza sauti. Vikundi vya kina mama vya kuweka akiba vina nidhamu ya hesabu ambayo Baraza la Shule lingeweza kujifunza kwao. Na mashirika yanayotoa fedha za kujenga upya, pamoja na makampuni ya gesi ya Afungi, ambayo vijana wetu hufika milangoni kwao wakaulizwa vyeti wasivyokuwa navyo, yanaweza kutenga sehemu ndogo ya kila jengo kwa ajili ya watu watakaolisimamia. Wenzetu wa Mtwara, Lindi na Unguja, tunaosikilizana nao bila ya mkalimani, wana wajibu wao katika jambo hili: waliopata uzoefu wa kamati za shule na wa Uwezo wavuke Ruvuma wakatufundishe, au watualike.

Naomba, basi, jambo moja lililo wazi. Masomo ya mwaka nchini Msumbiji huanza kati ya Januari na Februari. Kabla ya kengele ya mwaka ujao kupigwa, kila Baraza la Shule kutoka Palma hata Quissanga, na kila shule ya Pemba inayowapokea waliohama, lipewe mafunzo ya siku tatu kwa lugha yake, na wajumbe wake watoke na vitu vitatu: orodha ya mambo ambayo mtoto wa kila darasa anapaswa kuyaweza, hesabu ya fedha zilizopokewa na shule yao, na daftari tupu la kumbukumbu. Mkuu wa wilaya atakayekubali hilo atakuwa ameijengea nchi yake jambo lisiloungua. Na mzazi asomaye maneno haya, au asomewaye, asingoje mafunzo yamfikie: leo jioni amwite mwanawe, ampe kitabu, amsikilize, na wiki ijayo aende shuleni na swali lake.